Muundi wa Kondoo

Sikonge,
Jumapili jioni, mwanzoni mwa Juni

Mpwa wangu Shija,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea kwenye simu. Marahaba. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nililotaka kukuambia juzi halikusemeka. Wewe ulikuwa unajibu "eeh mjomba, nimeelewa mjomba," na mimi huku simu nimeibana kwa bega, kamba nimeishika kwa mikono miwili, nikajua kabisa kwamba hujaelewa kitu. Fundo halipiti sikioni. Linataka macho na vidole, na vikikosekana, basi karatasi ambayo utaisoma polepole na kurudi nyuma kila unapopotea.

Kwanza habari za hapa. Mama yako hajambo, ila goti lile lile. Kulwa na Doto wamemaliza kubangua karanga na sasa wanagombana nani alibangua nyingi. Tumbaku ya jirani imeshafungwa, anasubiri soko. Usiku baridi imeanza kuuma, na nyuki wanafanya kazi mchana kutwa. Nikisimama chini ya miti ya mitundu nasikia ngurumo yao kabla sijaiona mizinga. Mwaka huu asali ipo.

Sasa kamba.

Ulipokuja likizo ya Pasaka uliingia stoo ukaikuta kamba yangu ya katani, ile ya mita 20. Ulitaka kutundika mizinga miwili ya kisasa nyuma ya nyumba, kama mnavyofundishwa hapo Chuo cha Nyuki, Tabora. Ukaona kamba ni ndefu, inakusumbua miguuni, ukachukua panga ukaikata vipande vitatu. Halafu ukaviviringisha vizuri, kila kimoja peke yake, ukavitundika kwenye msumari pale pale. Kwa kuviringisha nakusifu, wengi hawajui. Ila kuviringisha huko ndiko kulikonidanganya. Nilibeba kipande kimoja Jumatano nikidhani nimebeba kamba nzima. Nimetembea saa moja na nusu hadi kwenye ule mtundu mkubwa, nikarusha ncha juu ya tawi, na ilipoanza kushuka upande wa pili nikagundua kwamba mkononi sina kitu. Mzee wa umri wangu, porini, anaitazama ncha ya kamba inaning'inia juu ya kichwa chake kama mkia wa nyani.

Najua utasema: si ungeviunga, mjomba? Nimeviunga, nilipofika nyumbani. Lakini kamba iliyoungwa ina vinundu, na kinundu kikifika kwenye panda ya tawi kinakwama. Ukiwa juu ya mti na ndoo ya masega chini yako na nyuki wameshakujua, hapo ndipo kinundu kinapoamua kukwama. Kwa hiyo kamba yangu ya kurinia imekwisha kuwa kamba ya kufungia mbuzi, tena mbuzi watatu.

Sikuandiki ili nikugombeze. Nimeshakugomba peke yangu njia nzima ya kurudi, imetosha. Nakuandikia kwa sababu hakuna aliyewahi kukuonesha kwamba kamba ndefu inaweza kufupishwa bila panga, na wa kukuonesha nilikuwa mimi.

Tafuta kamba ya unene wa kidole, urefu wowote, uifunge ncha moja kwenye dirisha la bwenini kwenu. Ncha nyingine iache ianguke. Sasa ikunje katikati iwe nyuzi tatu zinazolala pamoja, kama herufi Z iliyobanwa na kiatu. Utaona imejitokeza mikunjo miwili, mmoja unatazama juu na mmoja unatazama chini. Hiyo mimi naiita masikio. Kwenye kamba inayotoka dirishani, karibu na sikio la juu, pinda kitanzi kidogo. Hakikisha kamba imejivuka yenyewe, kwa sababu kitanzi kisichojivuka hakibani kitu. Livishe sikio la juu kitanzi hicho, kama unavyomvisha mtoto kofia, ila masikio yabaki nje: acha upana wa vidole vinne. Fanya hivyo hivyo chini, kwa kamba inayokwenda kwenye mzigo. Halafu vuta ncha zote mbili kwa pamoja na uone vitanzi vinavyouma.

Ndiyo hiyo. Hukukata kitu, na ukitaka urefu wako unaupata wote kwa kutikisa mkono.

Hesabu yake ni rahisi na ni vizuri uijue, maana wengi hukosea hapa. Mkunjo wa mita 1 unakula mita 2 za kamba, kwa sababu palipotakiwa kupita uzi mmoja sasa zinapita tatu. Wewe ulitaka mita 14 kutoka kwenye kamba ya mita 20? Ungekunja mita 3 tu. Mita 6 zingelala pale katikati zikikungoja, na mimi Jumatano ningerudi na asali.

Waingereza wanaliita fundo hili muundi wa kondoo. Sijui kondoo gani mwenye miundi ya namna hiyo, lakini jina ni la zamani: lilikwisha kuandikwa katika kitabu cha ubaharia cha mwaka 1627, na mabaharia ndio waliolitumia zaidi, kwa kuwa melini huwezi kwenda dukani kununua kamba nyingine. Mimi nililipata kwenye uskauti, shule ya kati, kwa kamba ya kiatu na mguu wa dawati. Mwalimu alitufundisha pia kwamba Baden-Powell, aliyeandika kitabu cha maskauti mwaka 1908, alifia Kenya Januari 1941 na kaburi lake liko Nyeri. Nililikumbuka kaburi, nikalikumbuka na fundo, lakini fundo lenyewe lina kazi gani sikuelewa hata kidogo. Nilipata beji. Kamba ya kiatu ilibaki kamba ya kiatu.

Aliyenifundisha kazi yake ni marehemu babu yako mzaa mama, baba yangu mimi, ambaye hakuwahi kuvaa skafu ya skauti na hakuwa na jina lolote la hilo fundo. Alikuwa akisema tu "ikunje." Wakati ule hapakuwa na bomba hapa kwetu, palikuwa na kisima cha kuchimba kwa mkono, na wewe unaijua nchi hii: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hakuna hata tone. Mwezi wa tatu maji unayaona, karibu unayagusa. Mwezi wa kumi ndoo inashuka mpaka unasahau kwamba uliishusha. Kamba ni ile ile moja, imefungwa kwenye gogo mdomoni mwa kisima ili ndoo isipotee. Ukiikata Machi kwa sababu imezidi, Oktoba utakunywa nini? Ukiiacha yote Machi, inalala kwenye matope, inaoza, watoto wanajikwaa. Basi mzee aliikunja mvua zikianza, na kadiri kiangazi kilivyozidi kukaza alikuwa akiupunguza mkunjo, pima moja, pima moja. Mtu aliyepita angeweza kuitazama kamba akajua tuko mwezi gani.

Lakini kisimani ndipo ulipokuwa ukionekana pia ubovu wa fundo hili, na hapa nataka usome mara mbili.

Fundo hili linaishi kwa kuvutwa. Kamba ikiwa na mzigo, vitanzi vinauma na hakuna kinachotoka. Kamba ikilegea, vitanzi vinaachia, masikio yanateleza nje, na fundo linatoweka. Halifunguki kama mafundo mengine, kwa kung'ang'ania kwanza. Hili linaondoka kimya kimya. Ndoo ikigusa maji kamba inalegea. Ndiyo maana mzee alipenyeza kijiti ndani ya kila sikio, pale linapojitokeza nje ya kitanzi, ili sikio lisiweze kurudi ndani. Kijiti cha mkole, kikavu, urefu wa kidole. Nilidhani ni urembo. Mtoto wa shule ya kati mwenye beji hawezi kuambiwa kitu na mzee asiyejua kusoma.

Niliambiwa na ndoo. Nilikuwa kijana, umri wako au zaidi kidogo, tumekwenda kurina msitu wa kuelekea Ipole, usiku, na kamba yetu ilikuwa imechubuka katikati kwa kusugua magome. Hapo fundo lina kazi yake ya pili: ukilikunja ili sehemu iliyochubuka ikae kwenye uzi wa katikati, kati ya masikio mawili, mzigo unabebwa na nyuzi za pembeni na ule mbovu unapumzika. Unaweza hata kuukuta umelegea na fundo bado limeshika. Hilo nililijua, nikalifanya vizuri, nikajiona fundi. Vijiti sikuweka.

Nikaanza kushusha ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali tupu inafika kilo 28. Hii ilikuwa ya masega, haikufika huko, lakini ilikuwa nzito ya kutosha. Katikati ya safari ikakaa juu ya tawi. Nikahisi mkono umekuwa mwepesi. Nikatikisa kamba ili ndoo ijinasue. Yaani, Shija, mimi mwenyewe kwa mkono wangu nililitikisa fundo likafumuka, gizani, nami sina habari. Ndoo ikateleza kutoka kwenye tawi, ikaanguka ule urefu wote uliokuwa umefichwa kwenye mkunjo, na ilipofika mwisho ikaivuta kamba kwa kishindo pale pale palipochubuka. Sikusikia hata mlio wa kukatika. Nilisikia mlio wa ndoo kufika chini.

Mzee alikuwa chini ameshika kienge cha moto. Alikaa kimya muda, nikadhani imempiga. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Siafu watakushukuru." Basi. Hakulizungumza tena maisha yake yote, ila kila tulipokwenda kurina aliniokotea vijiti viwili njiani akanipa bila kunitazama.

Kwa hiyo: vijiti. Kama huna vijiti, lifunge kila sikio kwa uzi kwenye kamba iliyo pembeni yake. Kamba ya magome ya miyombo au ya katani ina makwaruzo, itakuvumilia kidogo ukisahau. Hii ya manila mnayoipenda ninyi, ya plastiki, laini kama kambare, haina uvumilivu hata kidogo. Usilifunge fundo hili kwenye manila bila kijiti hata kwa majaribio. Na usiuning'inize mwili wako kwenye fundo hili, uwe na vijiti au usiwe navyo. Ni la mizigo. Mtu anapandia kamba nzima.

Kuna kitu kingine, na hiki nakuomba ukifanye Jumamosi moja ukiwa huna masomo. Chukua baiskeli uende Kwihara, nje kidogo ya mji hapo, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Watu huenda kupiga picha kwa ajili ya Mzungu. Wewe nenda kwa ajili ya mizigo. Barabara yote ile kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilijengwa na mabega, mengi ya kwetu Wanyamwezi, na kila bega lilibeba frasila mbili hivi, kilo 30 na ushei. Mabunda ya nguo yaliyokazwa kwa kamba kwa ajili ya mpagazi mmoja yaliitwa mitumba. Leo ukisema mitumba watu wanafikiria shati la mkono wa pili sokoni, na hawajui kwamba wanalitaja bega la babu zao. Kufunga mzigo ilikuwa elimu. Mzigo uliolegea unacheza, na mzigo unaocheza unamuua mtu kabla ya njia.

Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872 akielekea kusini, na Mei mwaka uliofuata alifia kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, kina Abdullah Susi na James Chuma, wakauzika moyo wake kule na kuamua kuurudisha mwili pwani. Waliukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, na miguu wakaikunja magotini ili mzigo uwe mfupi. Wakabandua gome la mti mzima mzima, bila kulipasua vipande, wakaulaza mwili ndani yake kama sisi tunavyofanya mzinga wa gome, wakashona turubai juu, wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Oktoba 1873 wakafika Kwihara.

Ila sehemu ninayoipenda mimi iko mbele ya Kwihara, walipokuwa wanaelekea mashariki. Walisikia kwamba kuna wenyeji mbele ambao hawatakubali maiti ipite kwao. Wangefanyaje? Wakautoa mwili kwenye lile gome refu, linalotambulika kwa mbali, wakaukunja na kuufunga upya, mfupi zaidi, mpaka ukafanana na mtumba wa nguo kama mitumba mingine. Mabua ya mtama wakayafunga kwa kitambaa yafanane na maiti, na wenzao wachache wakayabeba kurudi nayo nyuma kana kwamba safari ya maiti imeishia hapo, na njiani mabua wakayatupa porini kidogo kidogo. Mtumba ukaendelea. Februari 1874 ukafika Bagamoyo, na Aprili ukazikwa London, katika Westminster Abbey, na wale waheshimiwa waliosimama pale kanisani hawakujua lolote kuhusu kukunja.

Nimekaa mara nyingi nikiwawaza waliofunga ule mzigo. Si viongozi, hao vitabu vinawataja. Nawawaza wenye vidole. Kulikuwa na mtu pale aliyesema shika hapa, kunja hapa, kaza. Bila shaka alikuwa na kamba moja, na hakuikata.

Nimekwenda mbali. Tabora inamfanya mtu aende mbali.

La mwisho la kazi, kwa kuwa najua likizo unadandia malori ya tumbaku uje nyumbani badala ya kulipa basi, na mama yako hajui. Mtazame utingo anapokaza turubai. Anafunga ncha moja ya kamba, anairusha juu ya mzigo, upande wa pili anafanya sikio moja na kitanzi kimoja, anapitisha ncha chini ya ndoano ya bodi, anairudisha ndani ya sikio, kisha anavuta akiwa ameegemeza mguu kwenye tairi. Hilo ni nusu ya fundo nililokuandikia. Nusu tu! Sikio linakuwa kama gurudumu, na mtu mmoja mwembamba anakaza kamba kama wamevuta wawili. Nimefanya kazi hiyo misimu mitatu, kati ya hapa na Tabora, kabla ya lami, wakati kila shimo la barabara lilikuwa linakagua fundo lako. Ukishajua fundo zima, nusu utaipata ndani ya dakika. Mwombe utingo akuachie upande mmoja ukaze wewe. Atakucheka, kisha atakuachia.

Kuhusu kamba usinitumie hela, unazihitaji. Ila utakapokuja mwisho wa muhula pita duka la vifaa pale karibu na soko, uulize katani ya unene wa kidole cha kati, mita 25. Nimesema 25, si vipande. Wakikuambia wana manila tu, waage kwa adabu.

Ndani ya bahasha hii nimetia nyuzi mbili za katani, urefu wa mkono kila moja. Zote nimezifunga fundo hilo hilo kwa mikono yangu, mama yako shahidi. Moja nimeitia vijiti, nyingine nimeiacha. Bahasha nampa kondakta wa basi la asubuhi, na unaijua namna wanavyotupa mizigo juu ya keria. Ukiifungua, nipigie uniambie ni uzi gani umefika na fundo lake.

Ni mimi mjomba wako,
mwenye mbuzi watatu waliofungwa vizuri sana.